Hela Ilipoingia Ndo Tukaacha Kuuliza

Ilikuwa inakaribia saa 3 usiku, mdogo wangu akanipigia, hata salamu hakumalizia.

"Dada, imeingia."

"Imeingia nini?"

"Hela. Si nilikwambia ile kazi ya mtandaoni? Hela ya mteja wa kwanza imeingia kwenye akaunti yangu sasa hivi, naiona hapa."

Na mimi dada mtu, niliyekuwa nimemwambia wiki 2 kabla ya hapo kwamba awe macho asije akapigwa, nikashusha pumzi nikamjibu: "Basi hao wako sawa. Tapeli hawezi kukutumia wewe hela."

Hiyo sentensi ndo inanikosesha usingizi, wiki ya 5 sasa.

Nimejaribu kuiandika hii makala mara kadhaa nikaifuta, kwa sababu kila nikianza najikuta natafuta namna ya kusema kwamba mtu yeyote angejibu nilivyojibu. Inawezekana. Lakini aliyejibu ni mimi, na yeye alinipigia mimi kwa sababu ananiamini.

Tapeli tuliyemzoea

Tapeli tunayemjua sote ni yule anayechukua. Lipia fomu, lipia mafunzo, lipia kitambulisho cha kazini, afu simu inazimwa. Mdogo wangu huyo anamjua vizuri, ameshawakataa wawili wa aina hiyo mwaka huu huu na mimi nikampongeza. Kwa hiyo silaha yetu yote, mimi na yeye, ilikuwa imeelekezwa upande mmoja tu: ukiombwa hela, kimbia.

Hawa hawakuomba chochote.

Wao walileta. Na ilipoletwa tukaona mtihani umeisha, tukakunja mikono. Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba hela kuingia ndo ilikuwa hatari yenyewe, na sisi tuliisoma kama ushahidi kwamba kazi ni ya kweli.

Kazi yenyewe

Tangazo lilikuwa la "msaidizi wa malipo", unafanyia nyumbani, saa 3 kwa siku, uzoefu si lazima. Intavyuu ilifanyika kwa meseji tupu, hakuna aliyempigia, hakuna sura aliyoiona. Hilo alinieleza mwenyewe na nikaona ni mambo ya siku hizi tu, watu wako nchi mbalimbali, masaa hayaendani.

Halafu kikaja kitu ambacho kilinimaliza kabisa. Wiki ya kwanza walimpa kazi ya kweli. Faili lenye majina na anwani za watu, mamia kwa mamia, kazi yake ni kurekebisha herufi zilizokosewa na kuondoa yaliyojirudia. Alikaa na lile faili mpaka usiku wa manane, macho mekundu, na kila akimaliza kipande bosi wake anaandika, "Kazi nzuri, wachache wanakuwa makini hivi." Mtu ambaye kwa miezi amekuwa anatuma maombi ya kazi na hapati hata jibu la kukataliwa, leo kuna mtu anamwambia yuko makini. Nilimsikia sauti imebadilika kwenye simu.

Mwisho wa wiki akaambiwa amepita majaribio, anapandishwa kwenye kitengo cha malipo.

Mkataba alinitumia. Kurasa kadhaa, mhuri, sahihi, nembo ya kampuni. Niliusoma wote, na katikati kabisa kulikuwa na kifungu kinachosema mfanyakazi atatoa akaunti yake binafsi kwa ajili ya kupokea malipo ya wateja, atabaki na asilimia 8 kama kamisheni, na kinachobaki atakituma atakavyoelekezwa ndani ya saa 2.

Nilisimama hapo. Nakumbuka kabisa nilisimama hapo nikamuuliza, kwa nini akaunti yako wewe?

Akanipa jibu alilopewa. Kwamba kampuni ina wateja nchi nyingi, kutuma hela nje ya nchi kunachukua siku na makato ni makubwa, kwa hiyo wana watu wao kila mahali wanaopokea kwa niaba ya kampuni. Na kweli kutuma hela nje kunachelewa, na kweli kuna makato, kila aliyewahi kujaribu anajua. Uongo wao waliupandia juu ya kero ya kweli, na mimi nikashika ile kero nikaacha uongo upite.

Nikiwa mkweli zaidi, nilitaka iwe kweli. Nilikuwa nimechoka kumwona amekaa.

Jina kwenye risiti

Usiku ule baada ya kukata simu alinitumia skrinshoti ya muamala. Mtumaji hakuwa kampuni. Lilikuwa jina la mwanamke, majina mawili, na kwenye sehemu ya maelezo ya malipo alikuwa ameandika: amana ya chumba.

Niliona. Sitasema sikuona.

Nikamwandikia, mbona ni mtu na si kampuni, na chumba kinahusianaje? Akauliza kwa bosi wake, jibu likaja dakika hiyo hiyo kwamba huyo ni mteja, kampuni ina kitengo cha upangishaji pia. Akatoa asilimia 8 yake, iliyobaki akanunulia bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, kwa maelekezo waliyomtumia hatua kwa hatua, akaituma. Ndani ya saa 2 kama mkataba ulivyotaka.

Sasa geuza risiti uisome upande wa yule mwanamke aliyetuma.

Yeye anatafuta pa kuishi. Ameona picha za chumba, ameambiwa wanaokitaka ni wengi, atume amana ashikiwe. Amepewa namba ya akaunti na jina la mwenye akaunti. Ametuma, akasubiri funguo. Siku anapogundua hakuna chumba wala mwenye chumba, jina la mwizi analolijua yeye, la pekee alilonalo mkononi, ni jina la mdogo wangu.

Yule bosi hayupo popote kwenye karatasi zile.

Kwa nini walimhitaji yeye

Baada ya mambo kuharibika nilikaa usiku nyingi nasoma, maana nilitaka kujua mtu mwenye akili ya kutengeneza mkataba wa kurasa zote zile anashindwaje kupokea hela mwenyewe. Jibu ni rahisi na linaumiza. Kuiba siku hizi si kazi ngumu sana kwao, kazi iko kwenye kuitoa hela. Kila hela ya benki ina mkia, imetoka kwa fulani imeenda kwa fulani, na mpelelezi anaufuata ule mkia mpaka kwenye jina. Kwa hiyo katikati pawekwe mtu mwingine mwenye jina safi, akaunti safi, kitambulisho halali, mkia ukatikie kwake. Yeye aigeuze hela iwe kitu kisichorudi: bitcoin, hela taslimu ya kutuma kwa wakala, au kadi za zawadi unazokwangua na kupiga picha namba zake.

Tunalo neno. Anayemeza dawa za kulevya apande nazo ndege tunamwita punda. Huyu naye ni punda, wa hela, tofauti yake ni kwamba mara nyingi yeye hajui alichobeba.

Na si jambo dogo wala la juzi. Mwaka 2010 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walitangaza kesi ya kundi lililokuwa linatumia programu iitwayo Zeus, inaingia kwenye kompyuta ya mtu na kuiba neno lake la siri la benki, na walipata kama dola milioni 70 kwa njia hiyo. Programu ilifanya wizi, ila hela zenyewe zilipita kwenye akaunti za watu, mapunda, kundi kubwa. Europol nao, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, kuanzia 2016 wamekuwa na operesheni ya kila mwaka ya kuwasaka, na ya 2023 ilipata mapunda 10,759. Waajiri wao waliobainika walikuwa 474.

Hizo namba 2 nilizitazama muda mrefu. Kwa kila mwajiri mmoja aliyejulikana kuna zaidi ya watu 20 waliobeba. Ndo maana wanaajiri bila intavyuu ya maana, ndo maana uzoefu si lazima. Punda mmoja anaishi siku chache tu, benki ikishtuka amekwisha, wanachukua mwingine.

Na hapo hapo nikaelewa ile haraka ya saa 2. Benki zinaweza kuzuia hela ikiwa bado imekaa kwenye akaunti. Aliyeibiwa akishtuka mapema akapiga simu, na hela haijaondoka, kuna matumaini. Zile saa 2 wanazokuharakisha ni mbio kati yako na simu ya mwenye hela, na wewe huambiwi kwamba unashindana na mtu.

Kuna aina nyingine ya kazi hii ambayo haikumpata mdogo wangu lakini niiseme kwa sababu wengi wanaingia hapo. Unatumiwa hundi, unaambiwa iweke kwenye akaunti yako, baki na kamisheni, iliyobaki tuma. Baada ya siku chache salio linaonekana, unaamini imelipwa, unatuma. Kumbe benki imekuachia utumie hela kabla haijapata uhakika kutoka benki iliyotoa hundi, na kuthibitika kwamba hundi ni feki kunaweza kuchukua wiki. Ikirudi, benki inakudai wewe. Salio kuonekana na hundi kulipwa ni vitu 2 tofauti kabisa.

"Ukiulizwa sema"

Hela ya pili iliingia siku 4 baadaye, kubwa kuliko ya kwanza. Hii haikutoka. Alipojaribu kuihamisha, akaunti ikagoma, afu benki wakampigia wakimtaka afike tawini na kitambulisho.

Akamwambia bosi wake. Na yule bosi, aliyekuwa mpole wiki zote, akaandika meseji ninayoikumbuka neno kwa neno kwa sababu mdogo wangu aliniforwadia akiniuliza afanyeje:

"Usiwatajie kampuni. Ukiulizwa sema ni hela ya ndugu yako, anakukopesha. Ni utaratibu wa kawaida."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikaisoma, nikakaa chini.

Maana kabla ya hapo kila kitu kilikuwa na maelezo. Intavyuu ya meseji ina maelezo, akaunti binafsi ina maelezo, jina la mwanamke lina maelezo, chumba kina maelezo. Hii haikuwa nayo. Hakuna kazi halali duniani ambayo siku yako ya 12 unafundishwa cha kuidanganya benki.

Nikampigia. Nikamwambia nenda, na usiseme hata neno moja la uongo, wape meseji zote, mkataba, kila kitu. Akanyamaza. Afu akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Alikuwa amefika pale pale nilipofika mimi, kwa sekunde ile ile.

Ningemuuliza hivi

Watu wananiuliza kwenye meseji dalili ni zipi, na orodha zipo nyingi mtandaoni, makosa ya herufi, imeili za bure, mshahara mnono. Mi nazidi kuziogopa hizo orodha. Mkataba ule haukuwa na kosa la herufi. Kamisheni yake ilikuwa ya kawaida, haikuwa mnono wa kushtua. Tovuti ilikuwepo na namba ya usajili wa kampuni ilikuwa ya kweli, nimeithibitisha baadaye, ni ya kampuni halisi kabisa isiyojua chochote, walichukua jina na namba yake wakatengeneza tovuti yenye anwani inayotofautiana kwa herufi moja. Ukitazama tarehe anwani hiyo iliposajiliwa ilikuwa na wiki chache tu, wakati kampuni inajitangaza kuwa na miaka kibao. Hicho ungekiona ukitafuta, huduma za kuangalia usajili wa anwani za tovuti ziko wazi kwa kila mtu na ni bure. Na ungeipigia ile kampuni halisi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio ile waliyokuandikia kwenye mkataba, ungejibiwa kwa dakika 1 kwamba hawana mfanyakazi wa aina hiyo.

Lakini hata hayo yote nayaona ni ya pembeni. Swali lilikuwa moja na nililiuliza, shida niliuliza afu nikakubali jibu: hela ya watu wengine inapita kwa jina langu kwa nini?

Kazi za malipo za halali zipo, nimefanya kazi na watu wanaozifanya. Wanakaa kwenye mfumo wa kampuni, wanalinganisha ankara na stetimenti, wanajibu wateja ambao malipo yao yamekwama. Wengine wanafanyia nyumbani kabisa. Kampuni inayopokea na kutuma hela za watu ina leseni ya kazi hiyo na ina akaunti zake, na hela hiyo haigusi akaunti ya mfanyakazi hata siku moja. Kinachoingia kwenye akaunti ya mfanyakazi ni mshahara wake basi. Ukiona hela ya mteja imeingia kwako, au umeambiwa ufungue akaunti mpya kwa jina lako wao waitumie, au uwape kadi na namba ya siri "kwa ajili ya mfumo", basi hujapewa kazi. Umetolewa wewe wabaki wao.

Na maelezo watakuwa nayo. Kodi, makato, akaunti ya kampuni bado haijafunguliwa nchini kwenu, wateja wanapendelea akaunti za ndani. Jibu zuri kwa swali hilo halipo, ndo ninachotaka kusema, kwa hiyo ukilisikia jibu zuri sana ndo uogope zaidi.

Kama umeshaanza

Hapa naandika kwa yule anayesoma na tumbo linamkata.

Acha sasa hivi. Usitume hata kidogo kilichobaki, na usijaribu kumrudishia mtu mwenyewe, wala hao waliokuajiri wala yule unayedhani ndo mwenye hela, maana hujui ni nani kweli na unaweza kujikuta umeihamisha tena. Iache ilipo, ongea na benki yako leo, waambie ukweli wote, afu nenda polisi. Meseji usizifute. Najua mkono unataka kuzifuta, aibu inasukuma, lakini zile meseji ndo kitu pekee kinachoonyesha kwamba ulidanganywa. Kama ulishawatumia picha ya kitambulisho chako, waambie benki hilo pia, kwa sababu wanaweza kufungulia akaunti nyingine kwa jina lako.

Kutokujua kunasaidia, ila hakufuti kila kitu. Uingereza kwa mfano utakatishaji fedha, yaani kupitisha hela ya wizi ionekane safi, unaweza kumpeleka mtu jela mpaka miaka 14, na alama ya udanganyifu inayowekwa kwenye jina lako kule inaweza kukaa miaka 6, mabenki wakikataa kukufungulia akaunti. Na tofauti kati ya aliyedanganywa na aliyejua mara nyingi ni siku ile ulipoanza kushtuka, ulifanya nini baada ya hapo. Ndo maana ile meseji ya "ukiulizwa sema" inatisha. Angedanganya benki siku ile, asingekuwa tena mtu asiyejua.

Na jiandae, watarudi. Wiki moja baada ya akaunti kufungwa, mdogo wangu alipata ujumbe kwa namba ngeni, mtu anajiita wakili wa mambo ya mtandao, anajua kabisa kilichotokea, anaweza kuifungua akaunti na kulisafisha jina kwa malipo kidogo ya kuanzia. Alijuaje? Ni wale wale, au wamemuuza kwa wenzao. Safari hii alinipigia kabla hajajibu.

Tulipofikia

Akaunti imefungwa. Hela ya pili ilizuiwa yote, benki walimwambia hivyo. Ametoa maelezo polisi mara 2, mimi nikiwa nimekaa nje kwenye benchi. Ile asilimia 8 ya kwanza alikuwa ameshaitumia, amekopa kwangu akaipeleka benki wajue wao pa kuiweka.

Mara ya mwisho tulipoenda benki, tulipomaliza tukawa tumeshasimama, akageuka akamuuliza yule dada wa dirishani kama yule mwanamke wa amana ya chumba alirudishiwa hela yake. Alimtaja kwa majina yote mawili. Dada akasema samahani, hairuhusiwi kutoa taarifa za mteja mwingine.

Akasema sawa, asante.

Tukatoka. Kwenye simu yake ile skrinshoti bado ipo, hajaifuta, na jana usiku aliniuliza tena kama nadhani yule mama alipata pa kuishi.